Saa Moja na Nusu hadi Jeddah

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya tiketi pale Kandara, Jeddah, meneja aliniuliza Riyadh iko umbali gani. Nikajibu kwa kujiamini: kilomita mia nane na hamsini hivi kwa ndege.

"Mafi kilomita hapa, hakuna," akasema. "Abiria hapimi kwa kilomita. Mwambie saa, halas, imetosha."

Basi nikawa mtu wa saa. Wazazi wangu ni Wazanzibari, kwa hiyo wateja wote wa Kiswahili walisukumiwa kwangu, nami niliwaeleza zaidi ya walichouliza. Jambo lililonikosesha raha ni hili: kwa nini ndege huchukua muda mrefu zaidi kutoka Riyadh kuja Jeddah kuliko kurudi, na njia ni ile ile? Mkuu wa zamu wa uwanja wa ndege akanifumbua macho. Kule juu upepo huvuma kutoka magharibi, hasa wakati wa baridi. Anayekuja kwetu anapigana nao, anayerudi anasukumwa. Tena muda wa kwenye tiketi si wa angani peke yake, huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kule iendako. Wiki nzima nilimsimulia kila mtu, mpaka mke wangu akaniambia ninyamaze nile.

Miaka michache kabla sijastaafu alinipigia Mwende, Mkamba wa Kenya anayefanya kazi za nyumbani Al-Suwaidi, Riyadh. Dada yake Kanini, aliyekuwa Al-Hamra hapa Jeddah, alikuwa anarudi kwao kabisa, kwa ndege ya Jumatatu saa sita mchana. Miaka minne walikuwa nchi moja na hawajaonana. Madam, mwajiri wake, alimpa Mwende ruhusa ya siku hiyo tu.

Nikamkatia tiketi ya saa kumi na mbili asubuhi. Ilitoka kwa Kiarabu, asichokisoma, akanitumia ujumbe wa sauti: "Mzee, flight ni saa ngapi, na inachukua muda gani?"

Maswali mawili. Mimi nikajibu lile ninalolipenda.

"Asubuhi, mwanangu. Saa moja na nusu, basi."

Ndege ilipoondoka, Mwende alikuwa bado njiani kuelekea uwanjani, akidhani inaondoka saa moja na nusu. Alipopiga simu nilielewa papo hapo nilichofanya. Nikamhamishia ndege ya saa tatu, nikaenda mwenyewe uwanja wa ndege wa Jeddah kukaa na Kanini.

"Amefika wapi sasa?" Kanini aliuliza kila baada ya dakika chache. Sikuwa na hamu ya kueleza upepo.

Saa tano kasorobo mhudumu akamwambia, "Yalla, haraka, abiria wa mwisho." Akaingia sehemu ya ukaguzi wa pasipoti huku akigeuka nyuma. Mwende akatokea dakika ishirini baadaye, anakimbia. Walichopata ni kuongea kwa simu, na ukuta mmoja katikati yao. Nilimwomba Mwende radhi nikilia.

"Hata mimi nilipaswa kuuliza, mzee," akasema. "Saa moja na nusu ya nini."

Sasa nimestaafu. Vijana waliokalia kiti changu nawaambia: saa ya kuondoka isemeni peke yake, muda wa safari usemeni peke yake. Wananiona narudiarudia. Upepo bado naudadisi. Lakini nikiulizwa Riyadh na Jeddah ziko mbali kiasi gani, namwona Mwende ameweka kiganja ukutani, akimwuliza dada yake amesimama upande gani.