Mifuko ya Shule ya Kona

Mpe Fundi Kwanini kaptula ya mtoto, aigeuze ndani nje, naye atakueleza mwenye nayo ana tabia gani. Goti limetoboka? Huyo hutambaa chini ya vitanda. Ukosi wa shati umetafunwa? Huyo ana hofu, au ana njaa. Mara nyingi hupatia. Akikosea hakubali upesi, maana mafundi cherehani ndivyo walivyo: akikukatia nguo fupi, atakuambia wewe ndiye uliyerefuka.

Jina la Kwanini hakulitafuta. Alilipata akiwa mdogo, siku alipomuuliza mwalimu wake kwa nini mwezi humfuata mtu anapotembea. Mwalimu alimsimamisha nje mpaka kengele ya kwenda nyumbani, na wenzake wakampita wakiimba, "Kwanini! Kwanini!" Hakuuliza tena darasani. Jina likabaki, maswali yakaenda na maji. Udadisi wenyewe haukufa, ila ulihamia kwenye nguo za watu, kwa kuwa nguo haziwezi kumsimamisha mtu nje.

Sasa alikuwa mama wa mtoto wa miaka minne, ambaye nyumbani walimwita Hakimu kwa sababu hakuna aliyepita mbele yake bila kuhojiwa. Kwa nini paka hana viatu? Kwa nini shangazi akicheka, tumbo lake nalo linacheka? Mama mtu akiwa na haraka alimjibu, "Niache kwanza, nina nguo za watu," kisha roho ikamsuta mchana kutwa. Wakati wa chekechea ulikuwa umefika, na jambo moja lilimkosesha raha: alitaka shule ambayo mtoto angeingia anauliza na kutoka anauliza. Kusoma na kuhesabu kungekuja kwenyewe. Lakini mtoto akishanyamazishwa, nani atamrudishia mdomo wake? Yeye mwenyewe hakurudishiwa.

Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini. Alipopigiwa simu alisema, "Chagueni nyinyi, mimi nitanunua begi." Na kwa hilo neno "nyinyi" akawa amemwingiza dada yake, karani wa ofisi, mwanamke anayependa kila kitu kikae kwenye mstari, hata vijiko kabatini.

"Wifi, hapa hakuna la kufikiri," karani alisema, amejaa kwenye kiti cha wateja. "Geti la Bluu. Watoto wa pale wanasoma gazeti kabla hawajang'oka meno."

"Makalio ya kaptula zao yanang'aa, wifi."

"Kwani unampeleka mtoto akasome au akakaguliwe makalio?"

Ukweli ni kwamba fundi alikuwa akizishona na kuzitia viraka sare za shule zote mbili za jirani. Za Geti la Bluu zilirudi magoti mazima, makalio yameng'aa kwa kukaliwa, na kosi zimetafunwa. Za Shule ya Kona zilirudi na kasoro moja tu, na kasoro hiyo ilimnyima usingizi: mfuko wa kulia umechanika chini, kwenye pembe. Kila kaptula, kila gauni. Mfuko wa kulia, pembe ileile. Wanaweka nini humo?

"Mawe," karani alikata shauri. "Wanapigana mawe. Na wewe unataka kumpeleka mwana wa kaka yangu huko!"

Fundi alicheka, lakini lile neno lilimkaa moyoni. Mwanzoni mwa muhula, wazazi wa Shule ya Kona walipomletea vitambaa vipya, aliona awasaidie. Alishona mifuko ya urembo: kipande cha kitambaa chenye umbo la mfuko, kimeshonwa pande zote nne, hakiingii hata kidole. Wazazi walimshukuru. Naye alijipongeza, kwamba mifuko haitachanika tena, na mawe yatabaki njiani. Fumbo hakuwa amelifumbua, alikuwa amelishonea.

Walianza na Geti la Bluu, yeye, Hakimu na karani aliyejipulizia manukato kana kwamba anakwenda kuposa. Darasa lilikuwa safi, madirisha yana mapazia, na watoto wameketi safu kwa safu wakiitikia kwa sauti moja. Kwa kweli walisoma. Kitoto kimoja kilisoma ubao mzima bila kupumua, na karani akampiga wifi yake kiwiko. Hakimu alitazama, akatazama, akamwendea mwalimu.

"Kwa nini wote wanasema kitu kimoja?"

Mwalimu hakuwa mkali, tusimsingizie. Aliinama, akamshika shavu. "Mwanangu, hapa mwalimu ndiye anayeuliza. Wewe kazi yako ni kujibu. Sawa?"

"Sawa," alisema Hakimu, akaingiza pembe ya ukosi wake mdomoni.

Fundi aliuona ule ukosi ukiingia mdomoni. Njiani karani alizungumzia mapazia. Fundi hakusikia hata moja.

Kesho yake asubuhi alimchukua mtoto, wakaenda Shule ya Kona peke yao, bila kumwambia wifi. Alijiandaa kukuta vumbi na vichwa vilivyopasuka. Vumbi lilikuwepo. Lakini watoto walikuwa wamekaa duara kwenye mkeka, na kila mmoja amefumba ngumi. Wengine walifumba zote mbili. Msichana mmoja aliyechelewa aliingia amebana kitu kwapani, akitembea kama kuku aliyevunjika bawa.

"Mna nini mikononi?" Fundi alimuuliza mwalimu, mama mnene mwenye chaki hadi kwenye nyusi.

"Ndiyo shule yetu hiyo, mama. Kila mtoto akija asubuhi, anaokota kitu kimoja njiani, chochote kilichomshangaza. Anakitia mfukoni. Tukikaa hapa anakitoa na kuuliza swali lake. Wenzake wanajaribu kumjibu. Wakishindwa, najaribu mimi."

"Na wewe ukishindwa?"

"Nasema sijui, tunakwenda kutafuta. Nashindwa mara nyingi." Akacheka, kisha akakunja uso. "Ila muhula huu tumepata mtihani. Yuko fundi mmoja huko, sijui alikosewa nini na watoto, ametushonea mifuko ya uongo. Wanavishika vitu mkononi njia nzima. Vinaanguka, wanalia. Wengine sasa wanakuja mikono mitupu, na asiye na kitu hana swali."

Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hivyo walisema kweli, na hapa nguo yenyewe fundi aliishona kwa mkono wake. Alijitia hamnazo, akatazama dari, na bila shaka angetoka salama kama asingekuwa amezaa hakimu.

"Mama," alisema mtoto kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "si wewe uliyeshona?"

Mkeka mzima ukamgeukia. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Yeye, aliyekuja kukagua kama shule hii itamziba mtoto wake mdomo, alikuwa amewaziba watoto wa watu, na kushukuriwa juu yake.

"Ni mimi," alisema. "Nilidhani ni mawe."

"Mawe yapo," mwalimu alimjibu taratibu. "Jana tulikuwa na jiwe lenye mstari mweupe. Tulikaa nalo mpaka saa ya uji."

Fundi alitoa mkasi mdogo usiokosekana kwenye pochi yake, akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni. "Njooni," aliwaita. Wakapanga foleni. Alifumua mshono wa juu wa kila mfuko, na kila aliyemaliziwa alitia kitu chake humo papo hapo, hata kabla nyuzi hazijadondoka: kifuniko cha chupa, unyoya, kombe la konokono. Yule wa kwapani alikuwa na nati ya baiskeli. Fundi aliwauliza kila mmoja alichookota, nao walimweleza kwa kirefu, na foleni haikwenda. Hakimu alichuchumaa chini akiokota nyuzi.

Karani alipopata habari alisema tu kwamba yeye alishauri, kesho asije akalaumiwa. Fundi alimshonea Hakimu sare ya Shule ya Kona, yenye mfuko wa kulia wa kitambaa maradufu, mrefu kupita kiasi.

Siku ya kwanza alipomfuata shuleni, alimkuta getini, ukosi mkavu.

"Uliokota nini leo?"

Hakimu alitia mkono mfukoni mpaka kiwiko, akatoa fundo la nyuzi za kahawia. Zilikuwa zile za siku ya foleni.

"Na uliuliza nini?"

"Niliuliza, kwa nini mama hakuuliza mifuko ni ya nini?"

Fundi alisimama. "Wakasemaje?"

"Mmoja amesema ulikuwa na nguo nyingi. Mmoja amesema ulisahau. Mwalimu amesema hajui, nikuulize wewe."

Lile jibu lake la siku zote lilimfika mdomoni, la nguo za watu, na kweli nguo zilikuwa zikimsubiri mezani. Alilimeza. Watoto wengine walipita wakikimbia, mifuko ikiwagonga mapajani.

"Nilidhani najua," alisema.

Hakimu alizirudisha nyuzi mfukoni, akamshika mkono. Wakatembea kidogo.

"Kwa nini ulidhani?"

Njia ya kwenda nyumbani ilikuwa fupi. Wakakata kushoto, wakazunguka kwa njia ndefu, apate nafasi ya kujibu.