Mbao za Swedi

Mwaka wa hamsini na tano, ukitaka mtumbwi wa mbao usiovuja pale mjini Baraka, kando ya ziwa, ulimtafuta Swedi. Jina hilo la ufundi ndilo mali pekee aliyokuwa nayo. Kati ya ubao na ubao aliacha nafasi ndogo, akaishindilia pamba yenye mawese; mbao zikishakunywa maji ya ziwa, hujaa na kukazana zenyewe.

Likaja lori kutafuta mafundi. Bukavu, mji mkuu wa Kivu, nyumba zilikuwa zinaota kama uyoga, na sasa Wazungu walitaka jumba la maigizo lenye nguzo ndefu na viti vyekundu. Swedi akapewa jukwaa.

“Utaweza?” mkewe Saumu alimuuliza. “Ile haiko mutumbwi.”

“Mbao ni mbao. We ungoje tu, jina yangu itafika mpaka Bukavu.”

Lilifika kweli. Alizipanga mbao kwa mtindo wake, na kapita, msimamizi wao, akamsifu. Lakini jukwaa linakunywa maji gani? Kiangazi kilizikausha mbao, nafasi zikapanuka. Siku ya ufunguzi kisigino chembamba cha kiatu cha mwimbaji kikazama kwenye mojawapo, akaanguka mbele ya wakubwa wote. Swedi alikuwa nje ya ua, maana weusi hawakuruhusiwa kuingia. Aliposikia watu wanacheka alidhani mchezo umenoga, akacheka nao, maskini.

Kesho yake kapita alimfukuza. “Fundi wa matundu!”

Aibu ilimtafuna njia nzima. Nyumbani akaunda mtumbwi wa Lukmani, kaka yake Saumu, akazibana mbao hata unywele usipite.

“Pamba iko wapi?” Saumu aliuliza.

“Hakuna tundu, pamba ya nini?” Alimfokea, yeye ambaye hakuwahi kumfokea.

Lukmani akaanza safari ya Ubwari, rasi ya ng’ambo. Katikati ya ziwa mbao zilivimba, zikakosa pa kwenda, zikasukumana mpaka misumari ikang’oka. Wavuvi waliokota kasia tu.

Matanga yalipokwisha Saumu alileta pamba iliyobaki, akaiweka miguuni pa mumewe.

“Ulikuwa unajua, Swedi. Sababu ya kicheko ya bale bantu ba Bukavu, ukasahau.”

Swedi aligawa randa na nyundo zake, akahamia Lubondja, mbali na ziwa, kulima mihogo. Huko, watu wakicheka karibu naye, aliinuka na kuondoka.