Kiondo cha Kumshinda Everlyne

Niseme ukweli kabla hamjaniuliza: nilienda Ruiru kwa sababu ya wivu. Mama mkwe wangu ana kiondo alicholetewa Krismasi na Everlyne, mke wa mdogo wa mume wangu, anayeishi Ruiru na kufanya kazi kiwandani jirani huko Thika. Kila Jumapili anakitia begani, Biblia ndani, na watu wakikisifu anajibu, "Huyo ni Everlyne alinitolea Thika." Mimi ninayemchotea maji na kumpikia uji nasimama hapo nyuma nikisikia. Leso niliyomnunulia mimi hajawahi kuifunga hata siku moja. Basi nikaamua kwenda huko huko Thika nitafute kiondo kikubwa kuliko hicho. Mume wangu nilimwambia naenda kusalimia tu.

Asubuhi ya kuondoka Mumias, Mama alinifungia jogoo miguu. "Mpelekee Everlyne, ale kitu cha nyumbani." Jogoo mwenyewe nilimlea mimi tangu kifaranga. Nilimpakata njiani, kufika Nakuru alikuwa amenichafulia sketi, na kila akiwika abiria wakicheka mimi nilizidi kununa.

Ruiru tulifika jioni. Everlyne alikuwa stendi akiningoja, akanikumbatia, akampokea jogoo kwa mikono miwili. Anakaa mtaa wa Gitothua, ghorofa ya pili, na maji yanatoka kwa bomba hapo hapo jikoni. Nilinawa mikono mara mbili, na haikuwa michafu. Kisha akampigia Mama simu, akaweka sauti kubwa. "Mama, mgeni wako amefika. Na jogoo amefika, huyu mwenye kiburi kama mzee wako." Mama alicheka mpaka akakohoa. Mimi naishi naye boma moja na sikumbuki kumchekesha hivyo. Chakula kilikuwa kitamu, nikala kidogo makusudi.

Kesho yake Everlyne aliomba ruhusa kazini ili anipeleke soko la Thika. Nilitaka kwenda peke yangu, lakini ningepotea. Alinipeleka kwa mama mmoja anayesuka akiwa ameketi, mkonge umetapakaa mapajani.

"Mami, karibu. Shika tu, kushika si kununua," akasema yule mama.

Nilipita vidogo vyote nikachukua kimoja kipana, chekundu na cheusi, mikanda ya ngozi.

"Hicho ni cha nani?" Everlyne akauliza.

"Cha Mama."

Alijua nimekuja kumshinda, nami nilijua anajua. Halafu akamgeukia mwenye kusuka, akaanza kunipigania bei kwa Kikuyu, wakabishana, wakachekeana, bei ikashuka. Iliniuma sana. Hata nikienda kumshinda, lazima yeye ndiye anishike mkono.

Yule mama alitia konzi ya njahi, maharagwe yao meusi, ndani kabla ya kunikabidhi. "Kiondo hakitoki kwangu bila kitu," akasema. "Mwambie huyo mama apike."

Safari ya kurudi sikulala. Nilikipakata magotini njia yote, nikiiona Jumapili: Mama anaingia kanisani, wamama wanageuka, na jina linalotajwa ni langu.

Nyumbani Mama alikipokea vizuri. Akakinusa ngozi, akakiombea, njahi akazipika. Jumapili ikafika. Nilivaa mapema, nikasimama uani. Mama akatoka na kile cha Everlyne begani.

Nilishindwa kujizuia. "Mama, na kile changu?"

Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. Akarudi ndani, akaniita chumbani, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Kiondo changu kilikuwa kimefungwa kwa shuka safi. Chini yake ilikuwa ile leso yangu, karatasi ya duka bado imebandikwa.

"Hiki cha Everlyne wacha kinyeshewe," akasema. "Vyako sitaki vichakae. Leso hii ndiyo mtanifunga siku nikienda. Nilishawaambia vijana wangu. Na kiondo utabaki nacho wewe, kwa sababu ndiwe utakuwa hapa."

Nilimsaidia kurudisha sanduku, tukaenda kanisani tumechelewa.

Mchana Everlyne alipiga simu. "Alikibeba?"

"Alibeba chako," nikamwambia.

Akacheka kwa furaha, nami nikamwachia furaha yake. Habari ya sanduku sikumwambia, na hadi leo sijamwambia.

Nilichojifunza ni kwamba nilikwenda mbali kutafuta kitu nilichokuwa nacho chini ya kitanda cha Mama. Lakini msidhani wivu umeisha. Nimemwomba Mama mara mbili abebe changu, kichakae tu, amekataa. Kwa hivyo kila Jumapili namfuata nyuma, natazama kiondo cha Everlyne kinavyofifia begani mwake, na roho bado inaniuma. Chake kinatembea naye akiwa hai.