Mara ya Tano Baba Kufa

Naibu mwalimu mkuu alinipa barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kumpa mathe, mama yangu: kwamba nilicheka kwenye paredi ya asubuhi wakati shule nzima imeinamisha vichwa kumwombea marehemu baba yangu. Ya pili ilikuwa ya mshauri nasaha mmoja huko Kawangware. Bila sahihi yake, sirudi darasani.

Mathe alisoma, akashika kiuno. "Wewe ni mgonjwa ama ni ujinga tu?"

"Si ndiyo naenda kuulizwa, mum."

Mtaa wetu wote wa Laini Saba ulikuwa na habari kamili za ushauri nasaha, ingawa hakuna aliyewahi kwenda. Mama wa mandazi alisema utalazwa kwa kochi usimulie ndoto. Kinyozi akasema kuna sindano ya kukufanya uongee. Rafiki yangu wa dawati moja akanionya: "Msee, wakikuuliza kama unasikia sauti, kataa." Ngumu hiyo. Kuta zetu ni mabati. Mimi husikia sauti za ploti nzima, hadi mtoto anayekataa kula sukuma wiki nyumba ya tatu.

Lakini sikuogopa. Kuhojiwa nimezoea tangu nikiwa mdogo. Wageni wa miradi ya misaada huja na fomu, kofia na chupa za maji, wakitafuta huzuni, na sisi tunayo ya kila saizi. Nikiwa darasa la nne niligundua kwamba yatima hupewa begi, na mwenye wazazi hupewa pole. Basi nikamuua baba. Kwanza kwa malaria: begi. Kisha kwa moto: blanketi. Halafu nyoka, ambayo hata mimi niliona nimezidisha. Ya nne, treni.

Wakati huo wote marehemu alikuwa hatua kumi kutoka hapo, kwenye kibanda chake cha kushona viatu, amevuta kofia usoni asionekane akicheka. Wageni wakishaondoka ananiita.

"Leo nimekufa na nini?"

"Treni, baba."

"Treni! Sasa mbona unasema haraka hivyo? Niue polepole, watu wapate kuandika."

Muhula uliopita alikufa kweli. Kifua. Hakuja mtu yeyote na fomu.

Kwa hivyo huko Kawangware niliingia nimejipanga. Chumba kilikuwa juu ya duka la nguo: viti viwili, saa ya ukutani, boksi la tishu. Kochi hakuna. Niliona nimedharauliwa. Mshauri alikuwa mama wa makamo aliyevaa raba, akanieleza masharti kama kondakta asiye na haraka.

"Tuna dakika hamsini. Unachosema kinabaki hapa, isipokuwa nikiona wewe au mtu mwingine yuko hatarini. Hapo nitahusisha mtu, na wewe nitakuambia kwanza. Shule itajua tu kwamba ulikuja. Unaweza pia kunyamaza."

"Na nikinyamaza, karatasi utasaini?"

Akaichukua mkononi mwangu, akaisaini hapo hapo, akanirudishia.

Mtu akikupa begi kabla ya hadithi, unachanganyikiwa. Lakini mazoea ni mazoea. Nikainamisha shingo, nikashusha sauti, nikaanza: baba, reli, mvua, mimi mdogo nimeshika kiatu kimoja. Kiatu nilikiongeza siku hiyo hiyo.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nimezaliwa hapa Kawangware," akasema. "Wageni wakija, nilikuwa namuua mama. Yeye yuko kona ile anauza mboga. Hiyo ya kiatu ni kali, lakini begi sina. Baba yako yuko wapi?"

"Amekufa."

"Mm."

"Hapana, madam. Amekufa kweli."

Nikaisikia ilivyotoka: haraka sana. Kicheko kikanipanda, kile kile cha paredi. Nikajaribu kukimeza, kikatoka na kamasi.

"Ni yeye," nikasema. "Kila mtu akiniambia pole, namsikia anasema, niue polepole. Nimemuua mara nne nikapewa vitu. Hii ya tano nikisema, hata mimi najisikia nadanganya."

Hakuniuliza kama ni kweli. Hakuandika kitu. Alingoja tu, na kumbe kungojewa ni kazi ngumu kuliko sindano. Basi nikaisema vibaya, bila mapambo: alikohoa wiki mbili, akakataa hospitali, akaacha kiatu cha mteja kimeshonwa nusu. Alipokata roho, mimi nilikuwa nje nacheza kadi.

Ndiyo kwanza nimeanza kulia vizuri, saa ikafika. Hawa watu hawana huruma. "Tumefika mwisho wa leo," akasema. "Alhamisi ijayo ukitaka, saa kama hii."

Karatasi ilikuwa mfukoni. Sikuwa na lazima. "Nitakuja," nikasema, nikachukua tishu mbili za njiani.

Nyumbani mathe alikuwa anachambua omena. "Wamesema una nini?"

"Wamesema muda umeisha."

Hakucheka. Akachambua tatu, nne. "Uliwaambia kuhusu baba yako?"

"Niliwaambia alikufa."

"Na wewe ulivyo, wakaamini?"

"Waliamini, mum."

Akasogea kidogo kwenye benchi, nikaketi, nikaanza kutoa omena vichwa.