Kiganja cha Kipimajoto

Kiwandani walimwita Kipimajoto, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na babake. Kwa miaka kumi na tisa alitengeneza mashine za gundi moto zinazofunga maboksi. Kila asubuhi alipitisha kiganja juu ya tangi, bila kugusa, akataja joto lake. Meneja mwenyewe alikuwa akileta wageni wajionee.

Kumbe mwaka wa tatu sasa kiganja hicho kilikuwa kimekufa ganzi. Malengelenge ya miaka yote yalikuwa yamekimaliza. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Fundi asiyesikia joto ni wa kazi gani pale? Basi akawa anachungulia kwanza namba kwenye kioo cha mashine, ndipo anyooshe mkono kwa madaha. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yake ilifika mbali.

Jumanne moja kioo cha mashine ya mdogo wake wa kike, aliyemwombea kazi yeye mwenyewe, kilionyesha nyuzi arobaini. Gundi hutaka mia na sabini.

"Nizime, kaka? Leo inavuma vibaya."

Akachungulia, akapitisha kiganja. "Usizime. Tangi limepoa tu. Subiri lipande."

Hita haina akili yake. Hupashwa habari na sensa, kijiti chembamba kinachochomekwa kwenye tundu ubavuni mwa tangi. Kijiti hicho kilikuwa kimechomoka kwa mtikisiko, kinaning'inia nje, kinapima upepo. Kilivyozidi kusema baridi, ndivyo hita ilivyozidi kuchochea. Hata mfagizi, angepitisha mkono juu ya tangi lile, angeurudisha mbio.

Saa nne mdogo wake alipowasha pampu, mpira wa kupitishia gundi ulipasuka, ukammwagia mkononi. Gundi ile haifutiki. Hung'ang'ania ngozi na kuondoka nayo.

Hospitalini alimkuta amefungwa bandeji mpaka kiwikoni.

"Meneja kasema ni sensa," mdogo wake alimwambia. "Usijilaumu, kaka. Ungesikia joto si ungeniambia?"

Uongo ulikuwa umeshapikwa na kupakuliwa na mtu mwingine. Yeye alitakiwa kuitikia tu.

"Sisikii," akasema. "Mwaka wa tatu huu, mkono huu hausikii kitu."

Mdogo wake aliutazama mkono huo.

"Mimi kile kioo hata sikukiangalia," alisema. "Nilikuwa naangalia mkono wako."