Mlevi wa Chumba cha Pasi

Miaka kumi na tisa alipiga pasi mashuka ya hoteli katika chumba kisicho na dirisha, na hakuwahi kuunguza hata foronya. Pombe hakuwahi kuionja. Aliyeionja, tena kwa niaba ya ukoo mzima, alikuwa mumewe, ambaye alimwachia makovu mawili na kitanda kibovu, akaenda kuanza maisha kwa mwanamke mwingine.

Mwaka wa kumi na saba wa kazi yake, zahanati ilimwambia ana kisukari. Muuguzi akampa vidonge vidogo vyeupe, kimoja asubuhi, kimoja jioni. "Hivi huenda na chakula, mama. Usimeze ukakaa na njaa." Akaitikia. Lakini nyumbani alitoka jiko likiwa baridi, na kazini chakula hakikuruhusiwa kabla ya saa nne, mafuta yasije yakagusa nguo. Kidonge akakimeza na maji matupu. Akitetemeka, alisema ni uchovu. Akilowa jasho, nani halowi jasho mbele ya pasi?

Siku moja usingizi ulimchukua kabla ya kidonge cha jioni. Asubuhi akameza viwili, afidie. Na asubuhi hiyo hiyo msimamizi, ambaye wote walimwita Kola kwa jinsi alivyopenda kupekua kola za mashati, akatangaza kwamba hakuna kupumzika mpaka mashuka yote yaishe.

Saa tano pasi ilitulia juu ya shuka na moshi ukapanda. Kola akaja mbio. Mpiga pasi akamtazama, akacheka, ulimi mzito.

"Kola, baba, kola yako mwenyewe imeoza. Sabuni za hapa zinafua nguo za nyumba yako ndogo, halafu wezi tunaitwa sisi."

Maneno aliyoyameza miaka yote yakatoka, wafuaji wote wakisikia. Kisha akaanguka.

"Kalewa," Kola akasema. "Mtoeni."

Wakamlaza nyuma, kando ya mapipa ya taka. Ni mkunja mashuka, shoga yake wa siku nyingi, aliyeona mwili umekuwa baridi na jasho halikauki, akatafuta mkokoteni akampeleka zahanati.

Alipozinduka, muuguzi hakumbembeleza. "Viwili kwa mkupuo, tena bila kula? Kidonge kilichokupita kimekupita, mama, hakifidiwi. Na ukianza kutetemeka, sukari mdomoni hapo hapo, usingoje." Akamwandikia cheti.

Siku ya tatu akakipeleka. Kola alikisoma mara mbili, akafunga mlango.

"Kwa hiyo hukuwa umelewa."

"Sijawahi."

"Basi yale maneno yalikuwa ya nani?"

Hakuyakumbuka, alisimuliwa na shoga yake.

"Sikiliza, dada. Mgonjwa simpi pasi ya moto. Kwa cheti hiki kazi huna. Lakini mlevi aliyetubu namsamehe, na maneno ya mlevi nani atayashika?" Akasogeza karatasi na kidau cha wino. "Hapa nimeandika ulikuwa umelewa. Weka dole gumba tu."

Alilitazama dole lake, ngozi imebabuka kwa mvuke. Kazi nyingine hakuijua, na kusoma hakujua. Mlevi, jina la mumewe, lile alilodhani limeondoka pamoja naye, lilikuwa limemrudia mlangoni.

"Nina sharti."

"Mlevi naye ana masharti?"

"Mlevi ana njaa. Asubuhi nitakula hapa, kwenye meza yangu, kabla pasi haijawaka."

Kola akacheka, akakubali. Mpiga pasi akabonyeza dole. Cheti kikachanwa mbele yake.

Siku hizi anaitwa Mlevi, hata na wafuaji wapya wasiojua chanzo. Kila asubuhi hutandaza gazeti, akala viazi vyake, akameza kidonge kimoja, na mfuko wa aproni una kifurushi cha sukari. Maboksi ya sabuni bado yanatokea mlango wa nyuma. Yeye huyaona yakipita, hutafuna, na hasemi kitu.