Brandi ya Baba na Glasi Niliyoikataa

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo kila nikifungua chupa hunirudia kabla harufu haijafika puani. Juzi uliponiandikia kuniuliza umpelekee baba yako brandi au wiski Jumamosi hii, nilianza kukujibu kitaalamu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Acha nikusimulie kwanza Jumapili ile, halafu nitakujibu.

Najua utacheka ukiona nakuita mwanangu wakati nimekuzidi miaka tisa tu. Lakini wewe ni mtoto wa kaka yangu, na baba mdogo ni baba. Wanaotoa nasaha huwa na mvi. Mimi sina hata moja, na sijawahi kupokea ushauri wa mtu bila kuuliza kwa nini, mara mbili, mara tatu. Bado nauliza. Sikuambii uache kuuliza. Nakuambia tu nilichokivunja nikiuliza.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Kampala, nikapata kazi katika duka la vinywaji hapo Remera, moja ya yale ambayo mteja huonja kabla ya kununua. Kazi yangu ilikuwa kueleza tofauti. Wiski hutokana na nafaka, brandi hutokana na zabibu. Wiski nyingine hubeba moshi, kwa sababu shayiri yake hukaushwa juu ya moto wa udongo mkavu wa kinamasi, unaowaka kama kuni. Ukiinusa unakumbuka jiko la bibi asubuhi ya mvua. Brandi nzuri ina utamu wa tunda lililokaushwa, na ikikaa sana kwenye pipa la mwaloni huanza kunukia ngozi na karafuu. Unainusa mdomo ukiwa wazi kidogo. Unaongeza tone la maji. Hunywi kwa haraka. Nilijifunza yote hayo kwa miezi michache, na nikaona watu wote wa nyumbani wamekuwa wakinywa vibaya maisha yao yote.

Babu yako, baba yangu mimi, hakuwa mnywaji. Alikulia ukimbizini, Karagwe, akarudi hapa akiwa mtu mzima, akapakia mizigo uwanja wa ndege wa Kanombe mpaka mgongo ukagoma. Siku ya kustaafu wenzake walimpa chupa ya brandi. Aliiweka kabatini nyuma ya sahani za wageni, akatangaza kwamba haifunguliwi mpaka mimi nimalize chuo. Ilikaa humo miaka minne. Mama alikuwa akiifuta vumbi kila Krismasi.

Jumapili hiyo tulitoka kanisani, tukala, tukakaa sebuleni Kabeza, katika nyumba ile ile utakayoiendea Jumamosi. Baba akaleta chupa na glasi moja ya chai. Moja tu. Akamimina kidogo, akaonja yeye kwanza, kama afanyavyo kwetu anayemkaribisha mwenzake kinywaji. Kisha akaninyooshea glasi ile ile, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha mkono wa kulia. Mwanangu, yeye ndiye alikuwa mzee. Mimi ndiye niliyepaswa kumpa heshima hiyo ya kushika kiwiko.

"Pokea," akasema.

"Ngoja kidogo, Baba."

Nikafungua begi langu. Nilikuwa nimebeba glasi mbili zenye kiuno chembamba, nimezifunga kwa kitambaa, pamoja na chupa ndogo ya wiski yangu. Nikazipanga mezani. "Glasi ya chai inapoteza harufu," nikamweleza. "Na tukichangia glasi moja hatuwezi kulinganisha."

Baba yako alikuwa ameegemea mlango. "Sha, daktari wa chupa amefika!" akasema kwa Kiswahili cha stendi ya Remera. "Hii iko pombe ao iko dawa ya macho?"

Tulicheka wote. Hata babu yako alicheka, mkono wake ukiwa bado umenyooka na glasi ndani yake.

Hapo ningeweza kuipokea. Nimeirudia dakika ile mara nyingi, na kila mara naona nafasi ilikuwepo, pana, ya kutosha mtu mvivu kabisa kunyoosha mkono. Badala yake nikamfundisha.

"Baba, hii desturi ya kuonja kwanza ilianza zamani, watu walipokuwa wakiogopa sumu. Sasa humu ndani nani ataniwekea sumu?"

"Hakuna," akasema. "Ndiyo maana naonja. Ili ujue hakuna."

Nilimsikia, lakini sikumwelewa. Nilikuwa nimeshamimina brandi yake kwenye glasi yangu moja na wiski kwenye ya pili. Nikanusa. Nikatoa hukumu: brandi hii ni changa, imetiwa rangi na sukari ili ionekane ya miaka mingi, harufu inakatika mapema. Wiski yangu ina tabaka, sikia moshi, sikia asali. Nilisema haya mbele ya mtu aliyeitunza chupa ile nyuma ya sahani za wageni kwa miaka minne akinisubiri.

Mkono wake ukarudi polepole. Akainywa mwenyewe ile ya glasi ya chai, kidogo kidogo, mpaka ikaisha, akaifunga chupa kwa kizibo chake. "Wewe kunywa hiyo yako," akasema. "Inaonekana ni nzuri." Kisha akaniuliza kuhusu mapipa, yanatengenezwaje, na akanisikiliza kwa adabu sana, jinsi mfanyakazi anavyomsikiliza mkubwa wake mpya. Afadhali angenigombeza.

Miezi minne baadaye moyo wake ulidhoofika, akalazwa. Daktari akakataza pombe hata tone. Nilikuwa nikienda kila jioni baada ya kazi, na kila jioni nilitaka kusema neno juu ya ile glasi, nikajiambia huenda ameshasahau, nitamkumbusha ya nini? Unaona jinsi akili iliyosoma inavyojitetea.

Siku moja aliomba maji. Nikamimina kwenye kikombe cha hospitali, nikaonja mimi kwanza, nikamnyooshea kwa mikono miwili. Aliniangalia muda mrefu. Kisha akageuzia uso ukutani.

Labda alikuwa amechoka. Labda hakusikia kiu tena. Labda alinijibu. Nimeuliza maswali mengi maishani mwangu, na hilo ndilo pekee ambalo ningetoa mengine yote nipate jibu lake. Alifariki siku ya tatu yake.

Tulipomaliza matanga, baba yako aliitoa ile chupa kabatini. Hakutania. Akamimina kwenye glasi ya chai, akaonja, akanipa. Nikapokea kwa mikono miwili, nikanywa. Ilikuwa changa. Ilikuwa na rangi na sukari, na harufu yake ilikatika mapema zaidi, kwa kuwa hewa ilikuwa imekaa ndani ya chupa tangu siku ile. Kuhusu brandi, mwanangu, nilikuwa sahihi kabisa. Sijawahi kuwa sahihi hivyo nikalia.

Sasa nikujibu. Kwa baba yako chukua brandi. Moshi wa wiski utamkera, na atasema umemletea dawa ya macho. Usihangaike na umri wa brandi yenyewe. Usibebe glasi kutoka kwako. Tumia za pale, hata zikiwa za chai.

Hamjazungumza tangu uache chuo uende kupiga picha za harusi, na najua una hoja zako, tena nyingi ni nzuri. Zibaki mfukoni. Akionja na kukunyooshea glasi, pokea kabla hujafungua mdomo kusema lolote. Kama siku hizi hunywi, gusisha midomo tu, inatosha. Asipokunyooshea, wewe onja kwanza, mnyooshee kwa mikono miwili, na usubiri. Mkono ukichoka, endelea kusubiri. Baada ya hapo bishaneni mpaka ndege ya jioni ipite juu ya paa. Hoja haiharibiki kwa kungoja. Mkono wa mtu hauwezi kukaa umenyooka siku zote, na ukirudi, hujui kama utanyooshwa tena. Hili sikulisoma mahali, na sina ushahidi mwingine zaidi ya ukuta ule wa hospitali.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akufikishe Kabeza baba yako akiwa mzima na sebule ikiwa na watu. Akupe wepesi wa kupokea zaidi ya alionipa mimi. Na baba yako akikunyooshea glasi, Mungu autie nguvu mkono wake mpaka wako uufikie.